Kiti cha Bwana Harusi

Tomasz alikuwa na jedwali. Watu wengine wakihama nchi huuza kitanda, huaga majirani, hulia kidogo, basi. Yeye alifungua kompyuta akachora jedwali la mistari tisini na nne, na kila mstari ukapewa kazi yake, jina la mhusika, tarehe na hali ilipofikia. Mstari wa kwanza ulikuwa paspoti ya mkewe, Mwamvita. Wa kumi na saba ulikuwa chanjo. Wa arobaini, kugawa mizinga ya nyuki iliyobaki Kwihara. Mstari wa sitini na moja ulikuwa na neno moja, "Babu", mhusika Mwamvita, na kwenye hali pameandikwa "bado".

Mwamvita aliukuta mstari huo akitafuta wa sufuria.

"Huyu babu afanywe nini?" akauliza.

"Sijui," alijibu Tomasz. "Ndiyo maana nimeandika bado."

Mtu wa hivyo utagombana naye vipi? Alikuja Tabora kutoka Poland miaka minne nyuma, kuwafundisha wafuga nyuki wa Uyui kuvuna asali isiyonuka moshi. Asubuhi huenda Isikizya kusaini makaratasi, mchana yuko porini na kofia ya wavu, jioni yuko Mtendeni kwenye kibaraza cha Mwamvita, ambaye alikuwa fundi cherehani na hakuwa na habari na nyuki. Alipeleka suruali moja kupunguzwa. Ikapunguzwa mara tano, mpaka majirani wakaanza kuihurumia ile suruali. Mwishowe akasilimu, akapewa jina la Idrisa, ambalo hakulitumia mtu yeyote isipokuwa imamu, na wakaoana.

Sasa mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Septemba, na kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo. Kwao kazi ilikuwa inamsubiri. Viza ya Mwamvita ikitoka kabla ya hapo, wangeondoka pamoja. Isipotoka, angetangulia peke yake, na Mwamvita angebaki kuomba viza upya, kwa mwaka mmoja, pengine zaidi. Walishawahi kuishi hivyo miezi minane, Tomasz alipokwenda kumuuguza mama yake, na Mwamvita alikonda mpaka wateja wakawa wanamletea maziwa. Alijiapiza kwamba hayarudii.

Na huyo babu sasa. Mzee Lukumani, baba mzaa mama wa Mwamvita, alikuwa seremala wa miaka sabini na nane, na alitengeneza masanduku ya mninga ambayo mtu akinunua moja, wajukuu wake hawanunui tena. Habari ya kuhama alipewa baada ya sala ya Ijumaa. Aliingia karakana yake uani akaanza kupasua mbao, na baada ya wiki tatu akatoka na sanduku la safari, lenye kufuli ya shaba na vishikio viwili, limepigwa msasa mpaka ukiliinamia unajiona. Tomasz alilisifu kwa moyo wote, kisha akalipandisha kwenye mizani ya asali. Kilo arobaini na moja, tupu.

"Babu," akasema kwa adabu, "ndege inaruhusu ishirini na tatu."

"Ishirini na tatu za nini?"

"Kilo."

Mzee alipiga hesabu kwa vidole, maana uzito wa kweli yeye aliujua kwa frasila. "Haifiki hata frasila moja na nusu," akasema. "Babu yangu alibeba frasila mbili begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu, na mkeka wake juu, na sufuria yake juu. Hiyo ndege ina injini?"

"Ina mbili."

"Basi waone haya," akasema mzee, akarudi kazini.

Sasa, ili mambo yaliyofuata yaeleweke, lazima isemwe kwamba Mzee Lukumani alikuwa mume wa Mwamvita. Kwetu hili halielezwi, kila mtoto analijua kabla ya kujua kunawa: mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na bibi ni mke mwenza, na watatu hao watagombania nyama, kiti na heshima mpaka kufa, na ndio utani wenyewe. Lakini mzee huyu aliushika utani kama watu wanavyoshika sala. Chai ikiletwa: "Mke gani huyu, chai kama maji ya kunawia!" Nguo ikichelewa kupigwa pasi: "Nitaongeza wa pili mie." Na Mwamvita naye hakuwa mnyonge. "Ongeza," angesema, "umpate wa kukutafunia na nyama." Mzee hakuwahi kulitamka jina la Mwamvita. Hata shuleni, alipokwenda kumwandikisha, aliulizwa jina la mtoto akasema "mke wangu", mwalimu akacheka akasubiri, na bibi ndiye aliyejibu.

Bibi huyo alikuwa ameshafariki. Walibaki wao wawili, na huyo Tomasz, ambaye mzee alimwita "mume mwenzangu" na ambaye kila akiitwa hivyo aliitika "naam".

Ndipo tufike kwenye harusi. Miaka miwili iliyopita, nikaha ilishasomwa msikitini vizuri, na bibi harusi akaletwa ukumbini kwenye jukwaa lenye viti viwili vya dhahabu vya kukodi. Akaketi cha kushoto. Kabla bwana harusi hajafika cha kulia, Mzee Lukumani akapanda jukwaani kwa bakora yake, kanzu mpya, akakikalia yeye. Akamshika Mwamvita mkono. "Mke wangu haolewi," akatangaza. "Anayetaka kiti hiki aje anitoe."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Hapo kila mtu alijua kinachotakiwa: bwana harusi aje, apige magoti, abembeleze, atoe kanzu au kofia au hata halua, mzee akatae, waongeze, akatae tena, aone haya, anyanyuke. Ni dakika kumi. Kila mtu alijua, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna hata mmoja aliyemwambia Tomasz.

Tomasz alisimama mlangoni akatazama. Aliona babu amekaa na mjukuu wake, watu wanafurahi, akadhani ni kipindi cha babu. Akaona ni desturi nzuri mno. Akapiga makofi. Kisha, kwa kuwa kwao mtu hasimami bure wenzake wakifanya kazi, akachukua kreti la soda akaanza kugawa.

Mzee naye hakuwa mtu wa kunyanyuka bila kubembelezwa. Akakaa. Keki ikaletwa, akalishwa, akalisha. Bundala, mpiga picha, alikuwa na imani kwamba picha nzuri ni ile ambayo watu wanacheka, naye akapiga na kupiga na kupiga. Ilipita saa nzima na nusu. Ndipo jirani yao Mektilda, mama wa Kinzega mwenye mikono ya kutwanga, akamfuata bwana harusi kwenye kreti, akamshika sikio.

"Mzee yuko kwenye kiti chako!"

"Naona," alisema Tomasz. "Amependeza."

"Nenda ukamtoe, wewe! Mpe kitu!"

Kitu chenyewe hakuwa nacho. Alikwenda kwenye gari akachukua chupa moja ya asali ya mradi, akapiga magoti, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akainusa. "Haina moshi," akasema, akanyanyuka. Dakika hiyohiyo umeme ukakatika, na Bundala akagundua kwamba betri ya kamera nayo imekwisha.

Picha zilikuwa sabini na moja. Bwana harusi alionekana kwenye tisa, na katika nne kati ya hizo alikuwa amebeba soda.

Ubalozini waliomba picha za harusi. Mstari wa ishirini na nane. Mwamvita akazituma zote sabini na moja, bila kuficha kitu, kwa sababu hakuwa na cha kuficha. Na kwenye fomu, palipotakiwa ndugu wa kupigiwa simu Tabora, akaandika namba ya babu yake.

Simu ilipigwa Jumanne asubuhi. Mwamvita alikuwa jikoni anakaanga vitumbua. Mzee alikuwa kibarazani, na kama wazee wote, simu aliiwekea sauti ya nje na kuishika mbali na uso, kana kwamba itamrukia. Aliyepiga alikuwa ofisa wa viza, Mpoland mwenyewe, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao. Na Kiswahili chake kilikuwa safi, jamani, kinatembea na viatu. Utani tu ndio hawakumfundisha.

"Hujambo. Naomba kuzungumza na Bwana Lukumani Kashindye."

"Ndiye mimi. Shikamoo hukufundishwa?"

"Samahani sana. Shikamoo."

"Marahaba."

"Ningependa kujua, una uhusiano gani na Bi Mwamvita?"

"Mimi ni mumewe," alisema mzee.

Jikoni mwiko ulisimama. Kwenye simu zikasikika kelele za mtu anayechapa.

"Mumewe. Tangu lini?"

"Tangu ana miaka miwili."

"Mlifunga ndoa akiwa na miaka miwili?"

"Ndoa ya nini? Alikuwa analia, nikamchukua."

Kuchapa kukaongezeka kasi. Mwamvita alikuwa ameshaanza kukimbia, lakini ua ule ni mrefu, na siku hiyo kulikuwa na mbao za sanduku njia nzima.

"Na Bwana Tomasz Wolski, yeye ni nani?"

"Huyo? Huyo nimemwazima tu. Kijana mzuri, hodari wa nyuki, sina neno naye. Lakini mke ni wangu."

"Umemwazima. Kwa malipo?"

"Kwa chupa moja ya asali," alisema mzee, akacheka mpaka akakohoa. Mwamvita alifika na mwiko mkononi wakati yule ofisa anashukuru kwa ushirikiano na kukata.

"Umefanya nini?" alisema Mwamvita.

"Nimemtania Mzungu," alijibu mzee kwa furaha. "Ana adabu sana. Anacheka kimyakimya."

Barua ilikuja baada ya siku tano, kwa lugha mbili, na katika zote mbili ilikuwa mbaya. Ilisema kuna mashaka makubwa juu ya ndoa hii. Ilisema kwamba katika picha hamsini na nane, anayekaa kiti cha bwana harusi, kushikwa mkono na kulishwa keki ni mwanamume mwingine. Kwamba mwanamume huyo amekiri kwa simu kuwa ndiye mume tangu zamani. Na kwamba mwombaji ameazimishwa kwa Bwana Wolski kwa chupa moja ya asali. Walipewa siku kumi na nne kuleta maelezo, pamoja na kiapo cha mwanamume huyo mbele ya wakili. Bila kiapo, ombi lingekataliwa.

Tomasz aliisoma mara mbili. Kisha akaongeza mstari wa tisini na tano: "Babu aape kwamba si mume." Mhusika: Babu.

Mzee aliposomewa barua alicheka kwanza, akaomba arudiwe pale pa keki. Aliposikia habari ya kiapo akaacha kucheka.

"Siapi," akasema.

Siku ya kwanza walidhani anatania. Siku ya tatu Tomasz alimchorea kalenda. Siku ya sita Mektilda alitumwa kuzungumza naye, akatoka na kigoda alichotengenezewa na bila jibu lolote. Siku ya tisa Mwamvita aliingia karakana mwenyewe, akaketi juu ya sanduku la kilo arobaini na moja. Mzee alikuwa anapiga randa ubao ambao ulishanyooka tangu jana.

"Babu," alisema.

Mzee akaweka randa chini. Ilikuwa miaka mingi Mwamvita hajamwita hivyo usoni.

"Zimebaki siku tano. Usipokwenda kwa wakili, Tomasz anaondoka peke yake. Mimi ile miezi minane siirudii, babu, bora nife. Kuna ugumu gani? Si uwongo unaoambiwa kuapa. Wewe si mume wangu!"

"Wajua siku uliyoletwa hapa?" alisema mzee.

"Nilikuwa na miaka miwili, nitajuaje?"

"Mama yako tulimzika Alhamisi, baba yako kaenda zake Mpanda, hajarudi mpaka leo. Ulilia kutwa nzima. Bibi yako alijaribu uji, akajaribu sukari, akakuimbia, ukazidi. Mimi kubembeleza sijui. Najua mbao mie. Nikasimama pale mlangoni nikasema, huyu mke wangu analia nini, nani kamuudhi nikampige? Ukanyamaza. Ukanitazama hivi." Akaonyesha kwa uso wake mzee namna mtoto anavyotazama. "Tangu hapo ndivyo tunavyosemezana. Maneno mengine sina. Sasa niweke mkono juu ya Msahafu niseme si kitu. Nikishasema si kitu, nitakuita nani?"

Mwamvita alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na woga ndani yake. Alijibu kabla hajafikiri.

"Uniite jina langu, kama watu wote."

Mzee alimtazama kidogo. "Haya," akasema.

Kesho yake alfajiri alikuwa amevaa kanzu, amekaa kibarazani, bakora kati ya magoti, anasubiri kupelekwa.

Wakili Shigela alikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na mahakama, na mihuri mitatu. Alikwisha kuapisha watu juu ya mipaka, majina, ng'ombe na vyeti vilivyoliwa na mchwa. Hili lilimpa shida kidogo. Alichapa mwenyewe kwa vidole viwili, kisha akasoma kwa sauti: mimi Lukumani Kashindye, mtu mzima, Muislamu, mkazi wa Mtendeni, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Kwamba mimi ni babu mzaa mama wa Mwamvita. Kwamba sijawahi kuwa, na sasa si, mume wake. Kwamba kiti cha bwana harusi nilikikalia kwa utani tu. Kwamba asali niliyopokea nimeshaila.

"Hiyo 'tu' iondoe," alisema mzee.

"Ipi?"

"Utani tu. Utani una 'tu' gani? Andika utani."

Wakili alimtazama Mwamvita, akafuta. Mzee akaweka mkono juu ya Msahafu, akasema yote, neno kwa neno, hakutania hata mahali pamoja. Hata wakili, ambaye alikuwa ametayarisha uso wa kucheka, aliurudisha. Mzee akasaini taratibu, kwa herufi zilezile alizochonga chini ya kila sanduku lake. Muhuri ukapigwa.

"Twende, Mwamvita," akasema.

Njia nzima Mwamvita alikuwa anajiambia kwamba hakusikia vizuri.

Jioni alipeleka chai kibarazani. "Mume wangu, chai."

"Ahsante, Mwamvita. Niwekee hapo."

Na ikawa hivyo. Ahsante, Mwamvita. Umeamkaje, Mwamvita? Usisumbuke, Mwamvita, nitavaa hivyohivyo. Mzee hakukasirika, hakununa, alikuwa na adabu kama mgeni aliyefikia nyumba ya watu wazuri. Nyumba ikawa na amani ya kutisha. Siku ya nne Mwamvita hakuweza tena. Akapika chai akaitia chumvi, vijiko vitatu, akampelekea, akasimama palepale asubiri kutukanwa. Alitukaniwa chai nzuri miaka yote. Hii ilikuwa inastahili.

Mzee alionja. Kisha akanywa kikombe chote, akakirudisha.

"Ahsante, Mwamvita."

Mwamvita alikwenda nyuma ya jiko akalia mpaka Tomasz akaja na kompyuta kuuliza kuna nini. Akamweleza. Tomasz akafikiri sana, kama anavyofikiri mambo yote.

"Lakini ulimwambia yeye akuite jina lako," alisema.

"Najua nilichomwambia!" alisema Mwamvita, na Tomasz akaondoka na kompyuta yake.

Viza ilitoka siku tisa kabla ya mwisho wa Septemba. Ofisa aliandika kwamba maelezo yamekubaliwa, na akaomba, kama si usumbufu, atumiwe maandishi zaidi kuhusu utani kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Tomasz aliandika "imekamilika" mstari baada ya mstari. Cherehani ilikwenda kwa Mektilda. Mizinga ikagawiwa. Sanduku la mninga likabaki uani limefunikwa turubai, na kwenye mizani mabegi mawili ya Wachina yakatoa kilo ishirini na mbili na nusu kila moja. Mstari wa sitini na moja ukabaki kama ulivyokuwa.

Basi la Dar es Salaam lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mzee aliwasindikiza stendi na kanzu ileile aliyoivaa kwa wakili. Mabegi yalipopakiwa, akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa shaba.

"Wa sanduku," alimwambia Tomasz. "Huu ndege itauweza?"

"Itauweza, babu."

"Vitu vyake vya utoto nimeviweka humo." Kisha akamgeukia mjukuu wake, akampa mkono, mkono wa salamu kama wa mkutano wa mtaa. "Safari njema, Mwamvita. Mungu akutangulie."

Mwamvita hakuupokea mkono.

"Kabla sijapanda nina dai," alisema.

"Dai gani, Mwamvita?"

"Nataka talaka yangu."

Muuza mayai aliyekuwa anapita alisimama. Abiria wawili wakafungua madirisha.

"Nimekaa kwako miaka ishirini na saba," alisema Mwamvita, na sauti hakuishusha. "Nimekupikia, nimekufulia, nimeugua nawe. Mwanamke haachwi hivihivi kama kiti kibovu. Nipe talaka yangu niende zangu."

"Nimeapa kwamba mimi si mume."

"Vizuri. Basi hakuna kitakachovunjika. Sema, Mwamvita, nimekuacha."

"Talaka haichezewi."

"Mume ndiye hachezi nayo. Wewe si mume, una muhuri wa wakili. Sema, babu. Useme, na mimi nipande."

Mzee Lukumani alifungua mdomo. Kila mtu pale aliona kwamba alikusudia kusema. Kondakta alipiga bodi ya basi kwa kiganja, akaita wa Dar, wa Dar, na mzee bado alikuwa amefungua mdomo. Midomo ikaanza kumcheza. Akaufunga.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini huwezi?"

"Siwezi! Nenda Poland, nenda kokote, zeekea hukohuko, lakini talaka hutoki nayo hapa. Kiapo kile ni cha ubalozi. Mungu alikuwepo siku uliyoletwa."

"Basi mimi ni nani wako?"

Mzee alijifuta uso wote kwa mkono wa kanzu, bila kujificha. "Mke wangu," akasema. "Mke wangu, ile chai ya chumvi ilikuwa mbaya sana. Mbaya! Nilikunywa kwa sababu nilikosa la kusema. Siku tatu natembea na kiu."

"Na bado," alisema Mwamvita, analia na kucheka pamoja. "Nikirudi nitakupikia nyingine."

Akamkumbatia, akamshikilia mpaka kondakta alipokuja mwenyewe kuwaachanisha. Akapanda. Tomasz alikuwa anamfuata, mguu mmoja uko ngazini, aliposhikwa kola ya shati kwa mpini wa bakora.

"Wewe, mume mwenzangu," alisema mzee. "Nimekuazima tu."

"Najua, babu," alisema Tomasz. "Iko kwenye faili."